Kura Yangu, Kazi ya Zdravka

Watu wengi mjini kwetu wanaamini kwamba chuo cha sanaa kilimezwa na chuo kikuu kwa amri ya wizara. Si kweli. Kilimezwa kwa kura, sita kwa tano, na kura ya sita ilikuwa yangu mimi, Ognyan Tsankov, mwalimu wa uchongaji.

Nilifundisha miaka thelathini na minne katika jengo lile la matofali lililo juu kidogo ya Danube. Mwaka wa mwisho tulikuwa na wanafunzi themanini na wanne tu. Watoto hawazaliwi tena Bulgaria kama zamani, na wanaozaliwa hupanda basi la Ujerumani mara wapatapo cheti cha sekondari. Paa lilikuwa linavuja juu ya chumba cha wachoraji. Tuliweka mabeseni, wanafunzi wakazoea kuchora huku matone yakidondoka nyuma yao. Kisha barua ya wizara ikaja: jiungeni na chuo kikuu cha mji, la sivyo mfunge ifikapo mwezi wa saba. Uamuzi ukaachiwa baraza letu la walimu kumi na mmoja.

Kalin Penev, aliyefundisha uchoraji, alisema tangu siku ya kwanza kwamba ni heri kufunga. Alisema chuo kikifungwa watu watakikumbuka, lakini kikimezwa watakisahau kabla hakijasagwa. Nilimwona mtu wa kiburi. Yeye alikuwa na mke mwenye duka la dawa, na picha zake zilinunuliwa Sofia. Tungefunga, mimi ningekwenda wapi? Na Zdravka angekwenda wapi?

Zdravka Boneva ndiye aliyekuwa akisimama jukwaani tukimchora na kumfinyanga. Alikuja kwetu akiwa na miaka ishirini na minane, mjane mwenye binti mdogo, baada ya kiwanda cha nyuzi kufunga milango. Siku ya kwanza alivua nguo huku meno yakigongana, si kwa aibu, kwa baridi. Akauliza, "Niangalie wapi?" Nikamwambia aangalie dirishani. Aliangalia dirisha lile miaka thelathini na mmoja.

Wasiojua hudhani kazi ile ni kusimama tu. Jaribu kusimama dakika arobaini na tano, uzito wote mguu mmoja, mkono mmoja juu, bila kutikisika, halafu upumzike kidogo na kurudi palepale, kidole kwa kidole. Zdravka aliweza kurudi palepale hata baada ya wiki. Na kila mapumziko alijifunika gauni lake zito la buluu, akashuka peku na kuzunguka kuangalia kazi za wanafunzi. Hakusoma sanaa popote, lakini hakuna aliyeujua mwili ule kuliko yeye. "Mwanangu, goti langu haliko hapo," angemwambia kijana. "Liko chini zaidi. Limechoka, lishushe." Kijana angeshusha, na sanamu nzima ingesimama. Walimwita Mama Zdravka, na waliohitimu walimtumia kadi za Krismasi kutoka huko waliko. Yule mwanamke wa shaba mbele ya maktaba, na yule anayelia pale makaburi ya wanajeshi, na mama mwenye mtoto kwenye lango la hospitali, wote ni yeye. Alipita mbele yao kila siku na mfuko wake wa viazi, na hakuna aliyegeuka.

Wiki moja kabla ya kura, mkuu wa chuo kikuu alikuja mwenyewe kututembelea. Profesa Lyudmil Karastoyanov alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya daktari wa watoto. Alikuja hadi karakanani kwangu akakaa juu ya kigoda kilichojaa udongo, na suruali yake nzuri, bila kukifuta. Nakiri kwamba kigoda kile ndicho kilichonimaliza. Nilijiambia, mtu asiyeogopa udongo hawezi kutudhuru.

Alisema hakuna kitakachobadilika ila kibao mlangoni. Tutakuwa kitivo, tutapata joto la kutosha wakati wa baridi, tutabaki na karakana zetu. Nikamwambia mimi nina ombi moja tu, nikamwonyesha Zdravka, aliyekuwa ameketi ukingoni mwa jukwaa akila kipande cha banitsa, mkate wetu wa jibini.

"Na mama huyu ni nani?" akauliza.

"Huyu ndiye anayewafundisha," nikasema. "Mimi naongezea maneno tu."

Alisimama akaushika mkono wa Zdravka, ule ule wenye mafuta ya banitsa. "Basi mama haendi popote," alisema. "Mtakapokuwa ninyi, naye atakuwa hapo. Mna neno langu."

Sikumwomba aandike. Niliona ingekuwa utovu wa adabu.

Siku ya kura, Zdravka alinisubiri kwenye ngazi. Aliuliza nitapigaje. Nikamweleza mambo ya wizara, ya paa, ya idadi ya wanafunzi. Alisikiliza, kisha akanirekebisha kola ya shati. "Mimi sijui mambo ya vikao," alisema. "Wewe ukisema ndiyo, na mimi ndiyo." Nikaingia. Walipohesabu mikono ilikuwa mitano juu, na watu wakaanza kunitazama. Nikainua wa kwangu. Kalin hakufoka. Alichukua koti lake, akafunga vifungo vyote mpaka cha mwisho, akatoka bila kumtazama mtu.

Tulihama mwezi wa tisa. Walimu wa uchoraji walipelekwa jengo moja, sisi wa uchongaji jingine, ghorofa ya tano, juu ya kitivo cha uchumi. Udongo ulikatazwa wiki za mwanzo kwa sababu ya mabomba ya maji. Hilo nililimeza. Lakini ukuta mmoja wa chumba chetu, ule ulioelekea ukumbi wa kupita, ulikuwa kioo kitupu kuanzia sakafuni hadi darini. Niliomba pazia. Wakasema jengo lilichorwa kwa ajili ya uwazi, na kila badiliko lina fomu yake. Nikajaza fomu. Wakati nikingoja jibu nilibandika karatasi za kufungia vifurushi kwenye kioo. Asubuhi nilikuta zimebanduliwa, zimekunjwa vizuri, zimewekwa juu ya meza yangu.

Nilimwambia Zdravka tungoje pazia. Alinicheka. "Nimesimama majira ya baridi ya tisini na saba, nchi nzima haina mkate na nyinyi mnachora na glavu," alisema. "Kioo kitanifanya nini? Nitawapa mgongo."

Akawapa mgongo. Siku za kwanza wanafunzi wa uchumi walipita haraka, wakiinamisha nyuso. Halafu wakaanza kupunguza mwendo. Jumanne moja ya mwezi wa kumi, wakati wa mapumziko yao, nilisikia kicheko, nikageuka nikaona simu kama ishirini zimeinuliwa. Nilitoka nikawafukuza kama kuku. Niliporudi, Zdravka alikuwa bado amesimama vilevile, mkono juu. Hakuvunja mkao wake hata kidogo. Lakini shingo yake ilikuwa nyekundu kuanzia masikioni hadi mabegani, na wanafunzi wangu walikuwa wameacha kazi, wanatazama chini.

Kufikia jioni picha ilikuwa imeenea mji mzima. Mwanafunzi wangu Denitsa, msichana wa mwaka wa tatu, ndiye aliyenionyesha. Chini yake mtu alikuwa ameandika: *Bibi ya nani huyu kasahau nguo?* Denitsa alikuwa na machozi ya hasira. Alisema Mama Zdravka asiione. Lakini Zdravka alikwisha kuiona, na si yeye wa kwanza. Mjukuu wake, mtoto wa miaka kumi na mitatu, alionyeshwa shuleni. Jumapili ile mtoto hakuja kula kwa bibi yake kama ilivyokuwa desturi, wala iliyofuata. Binti yake Zdravka alipiga simu akasema, mama, umri huu, hata kama ni kazi.

Chuo kikuu kilifanya uchunguzi. Hakikuwatafuta waliopiga picha. Kilichunguza kama yafaa mtu kusimama uchi katika jengo la elimu. Kamati ikaundwa, na mpaka kamati itakapotoa mwongozo, kazi ya jukwaani ikasimamishwa. Nilikwenda kwa Profesa Karastoyanov mara tatu, katibu wake akaniambia yuko Sofia. Mara ya nne nilimkuta kwenye lifti. Alinishika bega kwa upole ule ule.

"Ognyan, ningeweza ningelimaliza leo," alisema. "Lakini sasa liko mikononi mwa kamati."

"Ulitoa neno lako."

"Nililitoa kwa moyo," akasema, na lifti ikafika.

Mwezi wa kumi na moja niliitwa ofisi ya utumishi. Afisa alikuwa mwanamke kijana, Stanimira Docheva, mwenye adabu, aliyenivutia kiti na kunipa maji. Alifungua faili. Alisema chuo kikuu kina mkataba na kampuni ya usafi, hivyo wasafishaji wote waliotoka chuo cha sanaa wanaachishwa, na mimi kama mkuu wa idara natakiwa kuthibitisha utumishi wa mmoja wao. Akasoma: "Zdravka Boneva. Msafishaji. Nusu siku."

Nilikuwa nimesahau. Sina neno jingine. Nilikuwa nimesahau kabisa. Mwaka ule tulipomwajiri, katika orodha ya vyeo vya serikali hapakuwa na cheo cha mtu wa kuchorwa. Mkuu wetu wa zamani, Mungu amrehemu, alisema tumwandike msafishaji, nafasi hiyo ipo, na tutaweka sawa mambo yakitulia. Mimi ndiye niliyetia sahihi. Zdravka alicheka siku ile, akasema afadhali msafishaji asiyeshika fagio. Mambo hayakutulia, na kila mwaka fomu ililetwa nami nikaisaini pamoja na nyingine.

Nikamwambia afisa kwamba yale ni maandishi tu, mama huyu hajawahi kusafisha hata dirisha. Stanimira aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Mwalimu Tsankov, tafadhali, usinirudie hilo," alisema kwa sauti ya chini. "Ukilirudia nitalazimika kuliandika. Nikiliandika, linakwenda mfuko wa pensheni. Watasema miaka thelathini na mmoja ya michango ilitolewa kwa kazi isiyokuwepo. Wataifuta. Amebakiza miaka miwili tu, unajua?"

Nilijua.

"Akiwa msafishaji," akaendelea, "kampuni inaweza kumchukua. Nitampigia simu meneja mwenyewe. Amalizie hiyo miwili. Ni hilo tu naweza."

Hakuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya ningemchukia, nikapata nguvu. Nilimwomba siku moja.

Nilikwenda nyumbani kwa Zdravka mchana ule ule. Alikuwa jikoni anasaga pilipili hoho zilizochomwa, mitungi imepangwa hadi dirishani, nyumba yote inanukia moshi. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama na koti langu. Hakuacha kusaga. Alipomaliza akazima jiko.

"Kwa hiyo nikiwa nilichokuwa, nakosa," alisema. "Na nikiwa nisichokuwa, napata."

"Tunaweza kupigana, Zdravka. Kuna wanafunzi mia tano waliokuchora. Nitawaita mmoja mmoja waje kutoa ushahidi."

"Waje kusema nini? Kwamba walimwona bibi uchi?" Alifuta mikono. "Mjukuu wangu bado hajaja, Ognyan. Unataka picha ile ienee tena?"

Akaanza kufunika mitungi.

"Umri wangu sipati kazi nyingine. Miguu ninayo. Fagio halinishindi."

"Mimi ndiye niliyekuleta hapa. Ile kura..."

"Ile kura nilikuambia na mimi ndiyo." Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Usiniombe msamaha. Ukiniomba itabidi nikubembeleze, na leo nimechoka. Kaandike."

Alinipa mtungi mmoja wa pilipili niende nao. Niliuchukua, sikujua namna ya kuukataa.

Kesho yake nikaandika. Stanimira alikuwa amekwisha kuandaa maneno: *Nathibitisha kwamba mtajwa hapo juu, kwa muda wote wa utumishi wake, amefanya kazi za usafi na si kazi nyingine yoyote.* Nilisoma mara mbili. Mkono wangu, ambao umefinyanga uso wake labda mara elfu, uliandika jina langu chini ya maneno hayo kwa hati nzuri.

Hapa niseme jambo moja. Zdravka si jina lake, na majina mengine humu nayo nimeyabadilisha. Miaka miwili imepita, lakini mfuko wa pensheni unaweza kufungua faili wakati wowote, kwa hiyo hata katika kueleza haya, siwezi kumtaja.

Alianza kazi mwezi wa kwanza, na kampuni ikampangia jengo letu, ghorofa ya nne na ya tano. Nilipomwona mara ya kwanza na sare ile ya kijani na ndoo yenye magurudumu, akideki ukumbi mbele ya kile kioo, nilikwenda kumpokea dekio. Alilihamishia upande wa pili.

"Ukinisalimu, nisalimu kama unavyowasalimu wenzangu," alisema bila kuinua kichwa. "Wananiangalia."

"Zdravka..."

"Mwalimu, pita pakavu huku, utateleza."

Tangu siku ile aliniita mwalimu. Sisi tuliokuwa tukiitana majina tangu ujana.

Denitsa hakuweza kuvumilia. Siku moja alitoka darasani akainua ndoo ile, akasema yeye atadeki, Mama Zdravka aketi. Zdravka alimnyang'anya kwa ukali ambao sikuwahi kuuona, akamwambia arudi ndani akachore, hiyo ndiyo kazi yake. Denitsa akarudi. Lakini akachore nini? Kamati ilikuwa haijatoa mwongozo. Tulikuwa tumeletewa skrini kubwa yenye picha za miili inayozunguka, milaini kama sabuni, isiyo na goti lililochoka. Wanafunzi walifinyanga kutoka kwenye skrini ile, na nilipopita kati ya sanamu zao sikuwa na la kusema, kwa sababu hakuna aliyekosea. Kosa linahitaji kitu cha kweli cha kukikosea. Kufikia Pasaka Denitsa alikuwa amekwenda Ujerumani kwa kaka yake, anafungasha bidhaa ghalani. Wengine wawili wakamfuata. Darasa likabaki na wanne.

Nikamtafuta Kalin. Alikuwa amejiuzulu mapema, anachora nyumbani. Nilitegemea anikejeli, na nadhani nilikwenda kwa ajili hiyo, kama mtu anavyobonyeza jino bovu. Alinimiminia glasi ya rakia, pombe kali ya kwetu, naye akajimiminia.

"Wewe ulisema," nikamwambia.

"Nilisema tufunge," akajibu. "Tungefunga, naye angekaa bila kazi wala pensheni. Sikumfikiria hata kidogo, bwana. Wewe walau ulimfikiria." Alizungusha glasi mezani. "Sijui lipi baya zaidi. Kunywa."

Nilitamani angenitukana.

Nilistaafu mwezi wa sita. Kitivo kiliandaa hafla ndogo ukumbini ghorofa ya pili, jibini na mvinyo mweupe, na Profesa Karastoyanov alitoa hotuba. Alisema kuungana kwa vyuo viwili kumekuwa mfano kwa nchi, na kwamba bila ujasiri wa watu kama mimi kusingewezekana. Watu wakapiga makofi. Kisha nikaombwa niseme neno.

Wiki nzima nilikuwa nimeliandaa neno hilo. Nilitaka kusimama pale na kusema kwamba kila nilichofundisha katika maisha yangu nilikifundisha kwa mwili wa mwanamke mmoja, kwamba yuko katika jengo hili hili sasa hivi, kwamba anaitwa hivi, na wote tupande ghorofa ya tano tukampe mkono. Nilikuwa na karatasi mfukoni. Stanimira Docheva alikuwa amesimama karibu na mlango, ananitazama, na nadhani alijua. Alitikisa kichwa kidogo sana. Ningelitamka jina lile mbele ya watu sitini, kesho yake lingekuwa mezani kwa mtu asiye na huruma kama yake.

Kwa hiyo niliwashukuru wenzangu. Nikaishukuru ofisi ya utumishi. Nikamshukuru mkuu wa chuo kwa joto la majira ya baridi, na kweli, jengo lile lina joto. Watu wakacheka kwa wema, wakapiga makofi tena.

Baadaye nilipanda kuchukua vitu vyangu: aproni, visu vya udongo, kikombe. Nilipofungua mlango wa chumba nilisikia magurudumu ya ndoo upande wa lifti, na maji yakikamuliwa. Nilingoja nikidhani atapita. Hakupita, alikuwa anadeki polepole kuelekea kwangu. Ningetoka tu ningemkuta. Ningemwambia nini? Kwaheri, kama ninavyowaambia wenzake?

Kuna ngazi za dharura mwisho wa ukumbi, upande usio na kioo. Nilivua viatu ili visilie sakafuni, nikavishika mkononi pamoja na visu vyangu, nikashuka ghorofa zote tano kwa soksi.